Kufukia na Kufukua: Mchunguzi wa Maiti katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili na katika Matini za Bulyanhulu

Makala haya yanamhusu mhusika ambaye hayupo. Katika riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, yupo mpelelezi, yupo askari, wapo washukiwa, na ipo maiti. Daktari anayeipasua maiti hiyo na kuandika alichokiona ama haonekani kabisa, ama hupita kwa sentensi moja na kusahauliwa. Mhusika huyohuyo anakosekana katika matini zilizoandikwa kuhusu tuhuma za Bulyanhulu za mwaka 1996, tuhuma kwamba wachimbaji wadogo walifukiwa wakiwa hai ndani ya maduara. Kukosekana kwa kwanza ni kwa kifani na kwa pili ni kwa kihistoria. Makala yanadai kuwa kumoja kunasaidia kukieleza kingine, kwa sababu msomaji aliyefunzwa na riwaya kwamba kifo hufumbuliwa kwa maneno ya watu hatashtuka akiona kifo cha kweli kinajadiliwa kwa miaka mingi bila mwili hata mmoja kuwekwa mezani.

Ni lazima mipaka itajwe mapema. Makala hayakusudii kuamua kama watu walikufa katika maduara yale wala kumtaja mwenye hatia. Tuhuma zilikanushwa na kampuni na serikali, na mkaguzi wa Benki ya Dunia aliyezitathmini hakuziona kuwa na mashiko. Kinachohakikiwa hapa ni namna matini zinavyothibitisha na zinavyokanusha.

Kagongwa, mahali ambapo usomaji huu umejikita, ni mji wa biashara ya mpunga ulio kati ya Isaka na Kahama, kwenye barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Bulyanhulu iko Kakola, upande wa pili wa Kahama. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha mwaka 2009, uko karibu zaidi. Mwaka 1996 eneo lote hilo lilikuwa Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, na Geita ilikuwa bado haijawa mkoa. Katika miji ya namna hii maneno kama duara, matimba, karasha na kifusi si istilahi za kitaalamu bali ni lugha ya sokoni. Hilo lina uzito katika hoja ya kiisimu itakayofuata.

Mpelelezi bila daktari

Wahakiki wamezoea kumlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, na kiko chake kimetajwa mno. Ulinganisho huo hauzingatii tofauti moja kubwa. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari. Mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, Joseph Bell, ndiye aliyempa kielelezo cha Holmes. Na msimulizi wake, Watson, ni daktari pia. Kwa hiyo hadithi zile, hata zinapofanya mzaha, zinaitazama maiti kwa jicho la hospitali. Abdulla alipoihamishia kunga hiyo Unguja, nafasi ya Watson aliichukua Najum, rafiki mwaminifu na mdadisi, ambaye si daktari. Elimu iliyobaki kwa Bwana Msa ni ya kuwasikiliza watu: nani kasema nini, nani kakosea jina, ukoo upi unaficha siri gani. Ni elimu ya barazani, na inafaa sana kwa visa vya urithi na nasaba ambavyo Abdulla alivipenda. Sioni kuwa huo ni udhaifu wa riwaya zake. Ni uteuzi wenye mantiki katika jamii ambamo maiti huzikwa upesi na kwa heshima, na ambamo kuufungua mwili ni jambo la kuombewa radhi.

Waandishi waliofuata walibadilisha mandhari lakini hawakubadilisha uteuzi huo. Faraji Katalambula, katika Simu ya Kifo (1965), anampa Inspekta Wingo mji wa kisasa wenye simu na magari. Willie Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi wa dola, na adui yake kwa kawaida hutoka nje ya mipaka, katika zama za ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana akili kali na mikono myepesi. Katika kazi hizi maiti hufungua mlango wa kisa, kisha mlango hufungwa nyuma yake na mwendo huanza.

Adui ambaye riwaya hizi humtafuta mara chache ni kampuni: kitu chenye usajili, mwanasheria, msemaji na akaunti, lakini kisicho na mkono mmoja ulioshika kisu. Chachage Seithy L. Chachage alimkabili adui wa namna hiyo katika Makuadi wa Soko Huria (2002), ambamo mtaji na mradi wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji vinawekwa mbele ya msomaji. Chachage alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika maandishi yake ya kitaaluma aliishughulikia sekta ya madini pia. Hata hivyo, nguvu ya riwaya yake imo katika historia na mjadala. Haimo katika mwili wa mtu mmoja. Hadi hapo, fasihi yetu inamjua mwuaji asiye na kampuni na kampuni isiyo na maiti. Matini za Bulyanhulu, ambazo si fasihi, zinatulazimisha kufikiria vyote viwili kwa pamoja.

Matini tatu

Muhtasari wa tukio ni huu. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliwaamuru wachimbaji wadogo waondoke Bulyanhulu ili kulipisha eneo kwa Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mwanzoni mwa Agosti maduara yalianza kufukiwa kwa mitambo. Baada ya muda mfupi zilisikika tuhuma kwamba wachimbaji kadhaa walikuwa bado chini. Idadi iliyonukuliwa mara nyingi ni 52. Mwaka 1999 Barrick Gold iliinunua Sutton, mwaka 2000 Wakala wa Kimataifa wa Dhamana ya Uwekezaji (MIGA) wa Kundi la Benki ya Dunia ukaudhamini mradi, na mwaka 2001 mgodi ukaanza kuzalisha.

Matini ya kwanza ni ya walalamikaji. Chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, kikiongozwa na Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, kilikusanya maelezo ya mashahidi, majina, picha na mkanda wa video, na Januari 2002 kikawasilisha malalamiko rasmi Washington. Matini ya pili ni ya kampuni na serikali: makanusho, barua na taarifa kwa vyombo vya habari, yote yakishikilia kwamba maduara yalikaguliwa na kwamba hakuna aliyefukiwa. Matini ya tatu ni tathmini ya Mshauri na Mkaguzi wa Malalamiko wa Kundi la Benki ya Dunia, ofisi ijulikanayo kwa kifupi CAO, iliyotoka Oktoba 2002 na kuhitimisha kwamba ushahidi uliowasilishwa haukuthibitisha tuhuma za mauaji.

Mazingira ya uandishi wa matini hizo yanastahili kutajwa, kwa kuwa matini haisomwi nje ya hofu iliyoizunguka. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT na nyumbani kwa Lissu. Mwaka 2002 Lissu, Nshala na mwanasiasa Augustine Mrema walikabiliwa na mashtaka ya uchochezi, na Machi mwaka huohuo ujumbe wa mashirika ya kiraia ya kimataifa ulizuiwa kufika Bulyanhulu. Ughaibuni nako, gazeti la Observer la London lilisuluhishana na Barrick mwaka 2001 baada ya kushtakiwa kwa makala iliyozirudia tuhuma. Na kitabu Noir Canada kilichotolewa Montréal mwaka 2008 kilisababisha kesi ya dola milioni 6 za Kanada, hadi mwaka 2011 wachapishaji wake, Écosociété, wakakubali kusitisha uchapishaji. Mahakama hizo zilikuwa zikiamua heshima ya kampuni na wajibu wa mchapishaji. Swali la nini kilikuwamo ndani ya maduara halikuwa mbele yao.

Zikisomwa kwa pamoja, matini hizi tatu, pamoja na uadui uliopo baina yao, zinatumia mbinu moja. Zote zinapima uaminifu wa msemaji. LEAT inamleta shahidi, kampuni inamtia shahidi shaka, na CAO inapima nani aaminiwe. Ni mbinu ya barazani ileile ya Bwana Msa, isipokuwa hapa baraza ni Washington na Toronto. Katika zote tatu hakuna ripoti ya mwanapatholojia huru aliyesimamia ufukuaji wa maduara. Hata mkanda wa video, uliozusha mabishano makali, hauwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa picha ya mwili haisemi mwili ule ulikufa lini, wapi na kwa nini. Mtu wa kulisema hilo ni yule anayeugusa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na usomaji uliozoeleka wa tathmini ya CAO, wa wanaoisifu na wa wanaoilaani. Wanaoisifu huichukua kama hukumu. Wanaoilaani huichukua kama njama. Ofisi ile iliundwa kukagua kama miradi inafuata masharti ya kijamii na kimazingira ya Kundi la Benki ya Dunia. Haikuwa na mamlaka ya jinai, haikuwa korona, wala haikuwa na chumba cha maiti. Inapoandika kwamba ushahidi haupo, tamko hilo lina maana mbili zinazopaswa kutenganishwa: kwamba kitu kimetafutwa kwa chombo stahiki na hakikuonekana, au kwamba hakikuonekana katika vile vilivyoletwa mezani. Tathmini inaruhusu maana ya pili tu, ilhali katika mijadala iliyofuata imenukuliwa kana kwamba ilibeba ya kwanza. Lawama hiyo inawahusu wanaonukuu kuliko mwandishi. LEAT nayo haiepuki uhakiki, kwa kuwa matini yake inatumia majina na idadi kwa uhakika mkubwa kuliko unaoweza kubebwa na maelezo ya watu walioondolewa kwa ghafla kutoka kambi ambayo wakazi wake waliingia na kutoka kila wiki.

Kitenzi kimoja

Hoja ya kiisimu ni hii. Malalamiko yaliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kitenzi kimoja kinabeba kuzika maiti, kufukia shimo na kufunikwa na udongo. Kiswahili kinavitenganisha. Kuzika ni kitendo cha heshima chenye sala, sanda na jamaa. Kufukia ni kujaza shimo, na yambwa yake ya kawaida ni shimo lenyewe. Kufukiwa, mtu akiwa ndiye kiima, katika lugha ya wachimbaji ni ajali: mtu amefukiwa na kifusi, yaani ukuta umeporomoka na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa matimba mabovu.

Mgogoro mzima wa 1996 uko kati ya sentensi mbili zenye mzizi mmoja. Serikali na kampuni walikiri waziwazi kwamba maduara yalifukiwa. Walalamikaji walidai kwamba watu walifukiwa. Kinachobadilika ni kiima. Mtendaji hatajwi popote, kwa kuwa kauli ya kutendwa inaruhusu aachwe, na ulimi uliozoea ajali unajaza pengo hilo kwa neno kifusi. Msikilizaji wa Kagongwa anayeambiwa "walifukiwa" anaweza kuelewa msiba wa kawaida wa machimbo, na msomaji wa London anayesoma tafsiri yake anaelewa mauaji. Hakuna aliyedanganya. Lakini neno lililovuka bahari lilifika likiwa na mtendaji ambaye halikuondoka naye.

Kiswahili kinalo pia neno la kurudi nyuma. Fukua ni utenduzi wa fukia, kama fungua ulivyo kwa funga. Kisarufi kila kilichofukiwa chaweza kufukuliwa. Kisheria pia njia ipo: Sheria ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980, Sura ya 24 ya sheria za Tanzania, inampa korona, ambaye ni hakimu, mamlaka ya kuchunguza vifo vya ghafla, vya kikatili au visivyojulikana chanzo. Katika matini tatu zilizojadiliwa, mzizi huu unaonekana mara nyingi kwa umbo lake la kwanza. Umbo la pili hutokea kama ombi tu.

Ripoti ya maiti kama matini

Ingekuwa kosa kudhani kwamba daktari akifika, mabishano hukoma. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ni matini pia, ina mwandishi, ina uteuzi wa maneno, na inaweza kuhaririwa. Mfano ulio wazi kuliko yote katika Afrika Mashariki ni wa Julie Ward, mtalii Mwingereza aliyeuawa Maasai Mara Septemba 1988. Daktari aliyeyachunguza mabaki yake Nairobi, Adel Shaker, aliandika kwamba mifupa ilikuwa imekatwa kwa kitu chenye makali. Mkuu wake, Jason Kaviti, aliibadilisha ripoti: palipoandikwa kukatwa pakawa kuraruka, na penye makali pakawa butu. Kwa maneno machache hayo mwuaji aligeuka kuwa mnyama, na mbuga ikabaki salama kwa watalii kwa maelezo ya kiserikali. Baba wa marehemu aliupeleka ushahidi kwa Profesa Austin Gresham wa Cambridge, naye akathibitisha mikato ya chombo chenye makali. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka 1989 ukatamka kuwa ni mauaji. Walioshtakiwa baadaye, katika kesi mbili tofauti, waliachiliwa.

Grace Musila, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu kifo hicho, anaonyesha jinsi minong'ono ya Wakenya ilivyobeba maarifa ambayo nyaraka za serikali ziliyakataa, na jinsi imani ya Waingereza katika sayansi na mahakama ilivyokuwa na upofu wake. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, kwa mtu anayeitazama Bulyanhulu, fundisho lililo karibu zaidi limo katika neno lililofutwa. Uhariri wa Kaviti uligunduliwa kwa sababu palikuwa na nakala ya awali ya kulinganishia, na palikuwa na mifupa ya kuchunguzwa tena. Uficho ulikuwa na kitu cha kuficha, na kitu hicho kilibaki. Katika kifo cha Robert Ouko, Februari 1990, hali ilikuwa kama hiyo: Kaviti huyohuyo aliipa nguvu dhana ya kujiua, lakini mwili uliokutwa karibu na Koru ulichunguzwa pia na Iain West wa London, aliyekataa dhana hiyo. Palipo na mwili, matini ya uongo inaweza kukabiliwa na matini nyingine. Bulyanhulu haina matini ya aina hiyo, ya kweli wala ya uongo.

Kile ambacho udongo hutunza

Mchunguzi angeweza kusema nini? Swali hili laonekana kuwa nje ya uhakiki wa fasihi, lakini bila jibu lake madai ya makala yatakuwa mepesi. Mtu akifukiwa akiwa anapumua, vumbi na udongo huingia ndani ya koo na mapafu. Daktari anayempasua katika siku za mwanzo aweza kuviona humo na kutofautisha kifo cha namna hiyo na mwili uliotupwa shimoni ukiwa tayari maiti. Dalili hizo ni za nyama, na huoza. Kukosa hewa hakuachi alama kwenye mfupa. Baada ya miaka kadhaa kinachobaki ni hesabu ya watu, meno, vinasaba, nguo, sarafu mfukoni, na mahali mwili ulipolala: chini ya mdomo wa duara, au ndani kabisa ya njia ya mwamba. Kwa hiyo ufukuaji wa mwaka 1996 ungeweza kujibu swali la namna ya kufa, na wa leo ungejibu zaidi swali la nani na wangapi. Muda uliotumika kubishana juu ya mashahidi uliligharimu swali la kwanza.

Kwamba idadi ya walio chini ya ardhi haiwezi kuaminiwa kwa maneno tu, Kahama yenyewe imelionyesha kwa njia ya furaha. Katika machimbo ya Nyangarata, Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 shimoni, wakati walikuwa wamekwisha kukatiwa tamaa. Waliohesabiwa wafu walikuwa hai. Tukio hilo halithibitishi wala halikanushi lolote kuhusu mwaka 1996, ila linawapa hadhari wanaotamka kwa hakika kwamba duara fulani lilikuwa tupu, sawasawa na wanaotamka kwa hakika kwamba lilikuwa na watu.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba ukanda wetu hauna uwezo. Argentina ilianza kuunda timu yake ya kufukua makaburi ya siri mwaka 1984, ikiwa na wanafunzi na vifaa vichache. Karibu nasi, mwaka 2023 Kenya ilifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na mkuu wa patholojia wa serikali, Johansen Oduor, alitoa matokeo hadharani kwa awamu, akieleza nani alikufa kwa njaa na nani alinyongwa au kupigwa. Maelezo yale yalirushwa na redio kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza, pengine, umma mkubwa wa wasemaji wa Kiswahili ulimsikia mchunguzi wa maiti akizungumza siku baada ya siku kama mhusika mkuu wa kisa, na msamiati wake ukazoeleka. Riwaya bado haijaupokea.

Kwa mtafiti wa fasihi iko kazi iliyo karibu kuliko ufukuaji, na isiyohitaji amri ya hakimu. Uhuru, Majira na Nipashe yalichapishwa kwa Kiswahili katika miezi ileile ya mwaka 1996, na hayajasomwa kwa pamoja kwa lengo la kuona ni siku gani kiima cha kitenzi kufukiwa kilibadilika kutoka maduara kuwa watu, katika gazeti lipi, na kwa kunukuu nani.